Picha ya Kujaribia Mwanga

Watu wakiingia studio wakazikuta taa zimesimama, pazia la kijivu limeshuka kutoka darini na kamera iko juu ya miguu yake mitatu, wanadhani vitu hivyo vimejipanga vyenyewe. Thubutu! Kila asubuhi, mteja akiwa bado anajikagua kwenye kioo, kuna mtu anasimama kwenye alama ya kujumlisha iliyobandikwa sakafuni kwa utepe mweusi. Anatoa macho mbele kama anayesubiri kusomewa hukumu, mpiga picha anampiga moja, mbili, anachungulia kama mwanga umekaa sawa. Ukishakaa sawa, mpiga picha anasema, "Asante, toka." Mtu yule anatoka, mteja anaingia, kazi inaanza.

Mtu yule alikuwa Bi Pini, na alikuwa ameambiwa "asante, toka" kwa miaka ishirini na saba.

Jina la Pini alilipata hapo hapo kazini. Yeye ndiye mwenye kazi ya nguo: anapiga pasi, anabana gauni kwa pini mgongoni ili mbele likae kana kwamba lilishonwa kwa ajili ya mvaaji, anaondoa nyuzi mabegani, na muda wote huo ana pini nne tano katikati ya midomo. Akikujibu, lazima uwe umemzoea ndipo umwelewe. Wanamitindo wa kila aina walikuwa wamepita mikononi mwake. Walikuja wakitetemeka na jalada tupu, lile kabrasha la kurasa ngumu analobeba mwanamitindo akienda kuomba kazi, wakaondoka wiki mbili baadaye limejaa: uso mtupu bila vipodozi, uso wa upande, mwili mzima, kicheko, gauni, suruali. Bi Pini alijua jalada linavyopangwa kuliko wengi wanaojiita mameneja. "Anza na uso," aliwaambia wasichana. "Nguo zitapitwa na wakati, uso ndio unaokuombea kazi."

Na jalada lake yeye? Hilo usimuulize. Lakini mimi nitakwambia, kwa sababu yeye asingekwambia hata ungembana vipi: alilitaka. Alilitaka tangu wiki ya kwanza alipoingia pale akiwa na miaka ishirini na minne, na alilitaka akiwa na hamsini na mmoja, magoti yanalia ngazini. Wala si umaarufu aliokuwa anautafuta. Alitaka mtu amsimamishe pale kwenye alama, atengeneze taa kwa ajili yake, amtazame yeye, apige picha, na asimwambie atoke. Ni hilo tu. Lakini jambo dogo namna hiyo ndilo gumu kuliko yote kuliomba, maana unaanzaje?

Mwanzo aliuleta Kidomo.

Kidomo ni mtoto wa kaka yake Bi Pini, mpambaji wa maharusi, mwenye kope za bandia na maneno ya kweli. Jumatatu aliingia chumba cha nguo ameshika simu juu kama mtu anayetafuta mtandao.

"Shangazi! Kaa chini kwanza."

"Nina pasi ya moto mkononi, nikae wapi?"

"Basi simama, lakini usianguke. Kuna kampuni ya miwani inatafuta wanawake wa miaka hamsini kwenda juu. Kwa matangazo. Wanataka mtu yule yule, jana na leo. Unatuma picha moja ya ujana kabla ya Ijumaa saa sita, wakiipenda unakwenda Jumatatu na jalada la picha sita."

"Waambie nawatakia heri."

"Nimeshakuandikisha."

Bi Pini akaweka pasi chini. "Umefanya nini?"

"Nimekuandikisha. Jina, umri, urefu. Uzito nimekuonea huruma, nimepunguza."

Siku hiyo Kidomo alipewa vidonge vyake, tena bila maji. Aliitwa hana adabu, aliitwa kiherehere, aliulizwa kama mjini wazee wamekwisha hata watafutwe kina shangazi wenye kazi zao. Kidomo akasikiliza yote akijipaka rangi ya midomo. Alimjua shangazi yake. Mtu asiyetaka kitu husema hapana mara moja akaendelea na pasi. Hasemi hapana kwa robo saa nzima.

Jioni ile Bi Pini alifunga mlango wa chumba chake akasimama mbele ya kioo cha kabati. Kidevu chini kidogo, macho juu. Mabega yashuke. Uzito kwenye mguu wa nyuma. Yote hayo alikuwa amewafundisha wasichana wa watu, na miili yao ilimtii. Mwili wake ukamkatalia. Alipogeuza kiuno kama anavyowageuzia wao, kitu kikamkata mgongoni, ikabidi ashike mlango wa kabati mpaka kipite. "Haya, mwanamitindo," akajiambia, akacheka peke yake. Halafu akalitoa gauni.

Gauni lenyewe lilikuwa la kijani kibichi cha kukolea, mikono mirefu, shingo wazi kidogo. Alikuwa amelishona mwenyewe miaka tisa iliyopita, bila kusukumwa na harusi wala sherehe. Kidomo alipowahi kuuliza ni la lini, alijibiwa, "La siku yake." Siku hiyo haikuwa imefika, na gauni lilikuwa bado linanuka kitambaa kipya.

Jumanne akaanza kunywa maji kama aliyetoka jangwani. Jumatano akalala mapema, akapaka mafuta viwiko, akakata kucha zote sawa. Aliona aibu, mtu mzima, aliyekula chumvi, anajipiga piga mashavu mbele ya kioo kama binti. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo maji na mafuta hayakuweza kulitatua. Picha ya ujana hakuwa nayo.

Usicheke. Kwenye picha ya shule alikuwapo, ila mbele yake alisimama msichana mwenye kichwa kikubwa, na kilichoonekana cha Bi Pini ni sikio. Picha ya kitambulisho cha kwanza ilichukuliwa na ofisi alipopewa kipya. Na harusi yake, maana aliwahi kuolewa kabla mume hajaenda zake, ilipigwa picha siku nzima na binamu wa bwana harusi. Alipiga bibi harusi akishuka garini, akapiga wakilishana keki, akawapanga wazee kwa safu, "tabasamu hapo, mama mkwe," na taa ya kamera ikawaka mpaka watu wakaona nyota. Kumbe ndani ya kamera hapakuwa na mkanda wa filamu. Familia nzima ilikuwa imetabasamia kopo tupu.

Kwa hiyo alibaki mtu mmoja tu duniani aliyewahi kumpiga picha Bi Pini akiwa kijana, tena si mara moja, karibu kila asubuhi. Fundi.

Fundi ndiye mwenye studio. Mwembamba, mtaratibu, miwani kwenye kamba shingoni, mjane wa miaka mingi, mtu wa maneno machache ambayo nusu yake ni "kushoto kidogo." Hakuna aliyemheshimu Bi Pini kama yeye, alimwachia funguo, hakupokea kazi ya mavazi bila kumuuliza. Walikuwa wamezoeana mpaka walijuana kwa hatua za miguu koridoni. Na katika kuzoeana huko kote, Bi Pini hakuwa na uhakika kama Fundi anajua macho yake yana rangi gani.

Alhamisi, wateja walipokwisha, akapiga moyo konde.

"Fundi, zile picha za kujaribia mwanga. Unaziweka wapi?"

"Hizi za siku hizi? Nafuta. Zinajaza nafasi."

"Zote?"

"Zote. Za nini?" Alikuwa anafuta lenzi, hakuinua kichwa. "Ila za zamani, za mkanda, hizo hazifutiki. Zipo kwenye makopo."

Bi Pini akamweleza, kwa ufupi, akiangalia ukutani: kampuni ya miwani, jana na leo, picha moja ya ujana, na kama ikikubalika angeomba Jumamosi apigwe nyingine tano, kama Fundi ana nafasi. Alisema "kama una nafasi" mara tatu. Fundi akaacha kufuta lenzi.

"Jumamosi ninayo," akasema. "Twende tukatafute."

Wakafungua kabati la chini. Makopo ya bati yalijaa, kila moja na tarehe, mikanda imekatwa vipande na kuwekwa kwenye karatasi laini. Fundi akawasha ile meza ya kioo yenye taa chini yake, akawa anaweka kipande, anakipiga kwa kamera, na kompyuta inamgeuzia giza kuwa mwanga. Bi Pini alikuwa amevuta kiti karibu kabisa.

Picha ya kwanza ya mkanda wa kwanza ikatokea. Kulikuwa na kiatu, sketi yenye maua anayoikumbuka vizuri, mkono mmoja. Kutoka kiunoni kwenda juu palikuwa peupe pe, kama karatasi.

"Hii imeungua," akasema Fundi, akaweka nyingine.

Nyingine ilikuwa na bega na nusu ya sikio. Nyingine ilikuwa nyeupe yote, isipokuwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Mkanda baada ya mkanda, kopo baada ya kopo, Bi Pini alijiona kwa vipande: shingo, kiwiko, sketi, kidevu. Baada ya kopo la nane alisema, bila kupandisha sauti, "Fundi, mbona mimi ndiye ninayeungua? Wateja wote wazima."

Fundi akamweleza, na alimweleza kwa unyoofu, kama mtu anayefundisha kazi. Mkanda mpya ukiupachika kwenye kamera, kipande cha mbele kinakuwa kimeshaona mwanga. Picha ya kwanza haiaminiki, mara nyingi inaungua nusu au yote. Huwezi kumpigia mteja. "Kwa hiyo ile ya kwanza nilikuwa naitumia kwa mwanga tu. Ilikuwa inapotea bure, nikaona—"

"Ukaona nipotee nayo mimi."

Fundi akavua miwani.

"Ulikuwa unajua haitatoka," akasema Bi Pini. "Miaka kumi na miwili ya mikanda, kila asubuhi, ulikuwa unajua. Na mimi nakuja hapa nimefunga kitambaa kizuri, nimepaka wanja. Ulidhani ule wanja nampakia pasi?"

"Bi Pini..."

"Nilikuwa nasema moyoni, ipo siku ataziona zote pamoja, atasema huyu mtu naye. Kumbe hata za kuonwa hazikuwapo." Akasimama. "Chagua yoyote yenye jicho umpe Kidomo aitume. Mimi naenda nyumbani."

Akatoka bila kuchomoa pasi, yeye aliyekuwa anarudi kutoka njiani kuhakikisha kama imechomolewa.

Fundi aliipata moja yenye jicho. Weupe ulikuwa umekula upande wa kushoto wote, ukaacha nusu ya uso: jicho moja lenye wanja, shavu moja, na nusu ya mdomo uliobana pini na huku unacheka. Alikaa akiitazama muda mrefu. Kidomo akaituma Ijumaa asubuhi, na Bi Pini hakwenda kazini siku hiyo, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata alipougua malaria. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Saa saba jibu likaja, na Kidomo, safari hii bila domo lake, akamsomea mlangoni: picha imeharibika, hawawezi kuendelea na ombi lake, wanamshukuru kwa kushiriki.

"Asante, toka," akasema Bi Pini.

"Unasemaje, Shangazi?"

"Hamna."

Sasa mtu mwingine angelirudisha gauni kabatini. Mimi mwenyewe ningelirudisha, sikufichi. Na Bi Pini alilishika kwa hanga, akafungua kabati, akasimama pale. Akafikiri juu ya kampuni ya miwani, akagundua kwamba haimuumi. Hakuwajua, hawakumjua, wakatafute mwingine. Kinachomuuma kilikuwa kiko pale pale kilipokuwa miaka yote, mtaa wa pili, ghorofa ya kwanza. Akaliacha gauni nje ya kabati.

Jumamosi saa tatu alipanda ngazi za studio, gauni mkononi, Kidomo nyuma yake na sanduku la vipodozi. Alikuwa amejitayarishia hotuba njia nzima. Alipofungua mlango, taa zote zilikuwa zinawaka, pazia la kijivu limeshushwa na limepigwa pasi. Limepigwa vibaya, na mkunjo mmoja umeachwa katikati, lakini limepigwa. Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba amevaa shati jeupe.

"Nimesikia wamekataa," akasema.

"Wamekataa wao." Hotuba yote ilikuwa imemtoka kichwani. "Wewe je?"

"Mimi nimewasha taa tangu saa moja."

Akachukua kitu mezani akampa. Lilikuwa jalada jipya, jeusi, la kurasa ngumu. Bi Pini akafungua ukurasa wa kwanza. Nusu ya uso wake ikamtazama, imechapwa kubwa, na pini zake, na ule wanja.

"Anza na uso," akasema Fundi. "Si ndivyo unavyowaambia?"

Bi Pini akalifunga jalada, akalibana kwapani. Akaenda zake chumba cha nguo.

Huko palikuwa na vita. Miaka tisa ni mingi, na zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Kidomo akavuta, akasukuma goti, akasema ile namba ya uzito aliyowapa kampuni ingekuwa imewapeleka wote mahakamani. "Vuta pumzi, Shangazi. Tena. Usiitoe mpaka jioni." Hatimaye wakaliacha wazi juu na kulibana kwa pini tatu, na Kidomo alimchoma ya kwanza mpaka akaruka. Kisha poda kidogo, wanja, basi. Bi Pini alimkataza kuficha mvi na mistari ya macho. "Hiyo ni yangu, nimeifanyia kazi."

Alipotoka, Fundi alikuwa ameinama kwenye kamera. Akasema vile vile anavyosema kila asubuhi, bila kuinua kichwa: "Haya, aje mtu nipime mwanga."

Hakuna aliyekwenda. Kidomo alikuwa ameshika ubao mweupe wa kurudishia mwanga, mikono yote miwili imejaa. Bi Pini alikuwa mlangoni, na mguu wake, kwa mazoea, ulikuwa tayari umeshanyanyuka kuelekea kwenye alama. Akaushusha.

Fundi akainua kichwa. Ndipo alipoelewa. Katika studio nzima hapakuwa na mtu wa kumsimamia Bi Pini.

"Nitasimama mimi," akasema. "Njoo hapa, bonyeza hiki."

Akaenda kwenye alama akasimama. Bi Pini akaweka jicho kwenye kamera kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alimwona mtu mwembamba ndani ya shati jeupe, hajui aweke wapi mikono. Aliiweka mfukoni, akaitoa, akashika kamba ya miwani. Alionekana mzee kuliko koridoni, na mpweke. Bi Pini akamtazama bila haraka, kwa kuwa alikuwa na ruhusa.

"Kidevu chini kidogo," akasema. "Mabega yashuke. Mimi siumi."

Akabonyeza. Wakachungulia wote watatu, mwanga ulikuwa umekaa sawa, na Fundi alikuwa amerudi kusimama pale pale kwenye utepe, hajui kama amemaliza.

"Asante, toka," akasema Bi Pini.

Kidomo akaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alisimama kidogo kama mtu aliyeguswa begani, akasema polepole, "Kumbe ndivyo linavyosikika." Kisha akatoka.

Bi Pini akaingia. Utepe aliujua kwa nyayo, hakuhitaji kutazama chini. Akaweka uzito kwenye mguu wa nyuma, mgongo ukamlia, akauacha ulie. Fundi akasogeza taa ya kushoto, akairudisha, akaenda kuunyoosha ule mkunjo wa pazia, akarudi. Akamtazama kwa macho matupu kwanza, bila kamera, muda mrefu hivi kwamba Kidomo mikono ikaanza kumuuma. Bi Pini akamtazama vile vile. Hakutabasamu, hakuambiwa atabasamu.

Kamera ikalia.

Fundi akachungulia nyuma ya kamera, akatikisa kichwa kukubali, na ulimi wake, kwa mazoea ya miaka ishirini na saba, ukatangulia mbele yake: "Asante, to—"

Kidomo akafumba macho.

Bi Pini hakusogea hata kidole.

"Sitoki, Fundi," akasema.

"Usitoke," akasema Fundi, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Akainamia kamera, akakaa hapo kidogo bila kubonyeza, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Kisha akapiga ya pili.